Bomba lako, ukuta wangu: nani afungue mlango na nani alipe ghorofani

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyetunga methali hii alikuwa na nyumba yake peke yake, ya chini, yenye ua na mwembe. Ghorofani mambo hayaendi hivyo. Ufa uko kwako, chanzo kiko kwa jirani, bomba linalovuja ni la mtu wa tatu, na mwenye jengo yuko Dar es Salaam hapokei simu. Unataka kuziba lakini huna pa kusimama uzibe.

Nakaa Kigoma mjini, kwenye jengo la zamani lenye maduka chini na wapangaji juu, hatua chache kutoka barabara ya Lumumba. Julai moja, kiangazi kikavu, dari ya chumba changu cha kulala ikaanza kuchora ramani. Kwanza doa la ukubwa wa sahani, kisha sinia, kisha rangi ikavimba na kubanduka kama magamba ya samaki kuhe. Nikapanda ngazi kumgongea mama wa juu. Sikuwa na shaka hata chembe: bafu lake liko juu ya kitanda changu, maji hushuka, basi ni yeye. Akanijibu, "Jirani, kwangu pakavu, ingia uguse sakafu. Ila fundi wako hapasui kigae changu." Tukakaa hivyo miezi minne, tukipishana ngazini bila salamu, jambo ambalo kwa watu wa huku ni sawa na kutangaziana vita.

Baadaye niligundua kwamba tulikuwa tunagombania maswali matatu tukidhani ni moja. La kwanza: maji yanatoka wapi? La pili: kilichoharibika ni cha nani? La tatu: ili kitengenezwe, nani apite kwa nani? Kila swali lina njia yake ya kujibiwa na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. La kwanza ni la fundi, la pili ni la karatasi, la tatu ni la adabu na sheria pamoja. Hela inafuata jibu la swali la pili. Haifuati jibu la tatu. Mwenye mlango si lazima awe mwenye kulipa, na ukiligawa hilo kichwani, nusu ya ugomvi inaisha kabla fundi hajafika na begi lake.

Maji hayateremki moja kwa moja

Sakafu ya ghorofa ni bamba la zege lenye nondo ndani, na juu yake kuna tabaka la saruji na vigae. Maji yakiingia hapo hayadondoki pale pale. Yanatambaa juu ya zege hadi yapate upenyo: kiungo cha ukuta, tundu la bomba, au ile njia ya plastiki inayopitisha nyaya za taa. Ndiyo maana mara nyingi doa huanzia kwenye taa ya katikati ya chumba, mbali kabisa na bafu la mtu yeyote. (Hapo zima swichi kuu kabla ya kuanza kulaumu.) Chanzo kinaweza kuwa mita kadhaa pembeni, au ghorofa mbili juu.

Kwa hiyo, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, angalia maji yanatoka saa ngapi. Tabia ya maji inasema mengi kuliko mahali yalipoonekana.

Yakija baada ya mvua tu, shuku paa, mfereji wa bati, au ufa wa ukuta wa nje. Kigoma mvua zinashika kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili hivi. Doa la Julai halina uhusiano na paa. Yakidondoka mtu anapooga na kukauka baadaye, shuku njia ya maji machafu au mipaka ya vigae iliyokwisha saruji. Yakidondoka usiku na mchana bila kujali nani yuko nyumbani, hilo ni bomba lenye presha, lile linaloleta maji safi kutoka kwenye mita au kutoka kwenye simtanki juu ya paa.

Vipimo vyake ni vya bei ya chai. Kwa bomba la presha: funga koki zote za nyumba, soma mita, kaa saa moja bila mtu kugusa maji, soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali panapovuja baada ya mita. Kama nyumba inalishwa na tangi, funga koki ya kutokea tangini, weka alama ya usawa wa maji, kisha fungua na uangalie unashuka kwa kasi gani wakati hakuna anayetumia. Kwa sakafu ya bafu: ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa na mfuko, mwaga maji yafike kina cha vidole viwili, yaache saa kadhaa. Kwa bomba la maji machafu: mimina maji yenye rangi ya chakula na usubiri chini. Rangi ikitokea kwenye dari ya jirani, hakuna tena ubishi wa maneno.

Kuna chanzo kimoja ambacho si ubovu wa kitu chochote. Maji yakiwa ya mgao, mtu anafungua koki, inakohoa hewa, anaiacha wazi anaondoka zake kazini. Saa nane usiku maji yanarudi. Asubuhi duka la chini lina vitenge vilivyoloa. Hapo hakuna cha kuita fundi. Ni uzembe wa mtu, na uzembe unalipwa na aliyezembea, hata kama mabomba yote ni mapya.

Fundi wetu, alipoingia hatimaye, hakugusa bafu la mama wa juu. Alifunga koki ya tangi moja kati ya matangi manne yaliyoko juu ya paa, na doa langu likaacha kudondoka baada ya saa chache. Tangi lilikuwa langu. Bomba la chuma linalotoka humo hadi jikoni kwangu linapita ndani ya ukuta wa jiko la mama wa juu, na limeliwa na kutu. Miezi minne nilikuwa nimemnunia mtu kwa sababu ya maji yangu mwenyewe.

Jengo hili ni la nani hasa?

Swali la pili linaonekana dogo mpaka ujaribu kulijibu. Majengo ya ghorofa hapa kwetu yana wenyewe wa aina tofauti, na kila aina ina mtu wake wa kushikwa koti.

Rahisi zaidi ni jengo la mwenye nyumba mmoja na wapangaji wote. Hapo wapangaji wawili wanaotukanana ngazini wanapoteza pumzi, kwa sababu hakuna hata mmoja anayemiliki bomba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka masharti ambayo yamo ndani ya mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa: mtu akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za wote hubaki mzigo wake mwenye nyumba. Mpangaji naye ana wake: autunze ndani, na amruhusu mwenye nyumba au fundi wake aingie kukagua na kutengeneza, kwa saa inayofaa na baada ya kupewa taarifa inayofaa. Barua yako iende kwa mwenye nyumba. Jirani mpe nakala.

Mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa yuko kwenye kundi hilo hilo, tofauti ni kwamba mwenye nyumba ana ofisi na mhuri. Wazee bado wanaziita baadhi ya nyumba hizi "za Msajili". Jina hilo lilitokana na Sheria ya Utwaaji Majengo ya 1971, serikali ilipochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majengo; mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika. Nalitaja kwa sababu moja ya kiutendaji: jengo la umri huo lina mabomba ya chuma ndani ya kuta, na mwisho wa bomba la chuma unajulikana.

Aina ya tatu ni jengo ambalo kila mtu amenunua sehemu yake. Kwa Tanzania Bara kuna sheria ya 2008, Namba 16 ya mwaka huo, inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo. Ukinunua unapata vitu viwili kwa pamoja: chumba chako, na fungu katika vile vya wote, yaani ngazi, paa, kuta kuu, karo la choo, kiwanja chenyewe. Wenye sehemu wanaunda chama, chama kinakuwa na kanuni, na kila mmoja anachangia matunzo kwa kadiri ya fungu lake. Zanzibar wana sheria yao, ya 2010. Huku kwetu majengo ya namna hii ni machache, lakini ukiwa na mpango wa kununua, soma kanuni za chama kabla ya kuangalia mandhari ya ziwa. Tafuta humo mistari miwili tu: bomba linakuwa lako kuanzia wapi, na fundi wa chama anaingiaje kwako.

Sasa nije kwenye aina ya nne, ambayo ndiyo inayotesa watu Kigoma, Ujiji na Tabora bila kelele: ghorofa la urithi. Mzee alijenga kwa biashara ya mawese au ya dagaa, akafariki, akaacha watoto sita. Wawili wanakaa humo, mmoja ghorofa ya kwanza na mwingine ya pili, maduka ya chini yamepangishwa, wanne wako Kasulu, Mwanza na kwingineko. Paa linavuja. Anayekaa juu anasema paa ni la wote. Anayekaa chini anasema kwake hapavuji. Walioko mbali wanasema, "Nyumba haijagawanywa, nitatengenezaje kitu ambacho sijui kama ni changu?" Mpangaji wa duka, masikini, analipa kodi mwezi huu kwa kaka na mwezi ujao kwa dada, na hakuna kati yao anayekubali kununua bati.

Hapa ugomvi wa bomba ni kivuli cha ugomvi wa mirathi, na hautaisha kwa fundi bomba. Kisheria, mpaka mali igawanywe, mwenye mamlaka ya kuikusanya, kuitunza na kuigawa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi, wala kushika funguo hakutoshi. Kama hayupo, familia iende mahakamani ikamwombe. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza lakini hakimpi mamlaka. Kama yupo, matengenezo ni kazi yake, na hela ya kwanza ya kuangalia ni kodi ya maduka, kabla haijagawanywa kwenye bahasha. Mpangaji kwenye jengo la namna hii ana haki ya kuuliza kwa upole: "Samahani kaka, naomba nione barua ya usimamizi ili nijue risiti naandikiwa na nani." Swali hilo peke yake limewahi kuitisha vikao vya familia vilivyokuwa vimelala miaka.

Kufungua mlango si kukiri

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maskani yake. Mpangaji ana hifadhi hiyo dhidi ya jirani, na pia dhidi ya mwenye nyumba anayependa kuingia na ufunguo wake wa akiba "kuangalia tu". Kuingia kwa mtu kwa nguvu ni njia ya haraka ya kugeuza dai lako la haki kuwa kesi ya jinai dhidi yako mwenyewe. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Kama ni dharura nitavunja." Dharura gani? Bomba likipasuka, funga maji kwenye koki kuu iliyo nje ya mita. Kama ni la tangi, panda paani ufunge koki ya tangi. Kama maji yanakaribia umeme, zima swichi kuu. Karibu kila dharura ya maji inasimamishwa kutoka nje ya mlango wa mtu, na ikishasimama si dharura tena, ni miadi.

Na hapo ndipo unapouona uzito wa ufunguo wa paa. Kwenye majengo mengi mlango wa kutokea paani unafungwa na mtu wa ghorofa ya juu, kwa hoja kwamba watoto watapanda au wezi watashukia huko. Hoja ni ya kweli. Lakini matangi ya watu wote yako kule. Yule aliyegeuza paa kuwa uchanja wa kuanikia dagaa naye hataki watu wapite wakikanyaga. Paa si la mtu. Kufuli liwepo, funguo ziwe mbili au tatu, na mmoja ukae mahali panapofunguliwa mapema na kufungwa usiku, kama duka la chini. Hivyo hivyo kwa wanaoweka geti la grili kwenye korido ili wapate kibaraza, na wanaolaza bodaboda chini ya ngazi: njia ya wote haigeuki kuwa ya mtu kwa sababu amenunua kufuli.

Turudi mlangoni. Watu hawakatai fundi kwa sababu ni wakorofi. Mama wa juu aliniambia baadaye sababu zake, na zote zilikuwa nzuri. Kwanza, aliogopa kwamba akifungua tu, ameshakubali kwamba kosa ni lake na bili itamfuata. Pili, aliwahi kufungua kabla yangu. Fundi akavunja vigae sita, hakukuta kitu, akaondoka, na shimo likakaa mwaka mzima. Tatu, mumewe alikuwa Kalemie kibiashara, na mimi nilimtumia vijana wawili wasiojulikana saa kumi na mbili jioni, ungekuwa mwezi wa Ramadhani ningefukuzwa na mtaa mzima. Adabu ya hodi watu wa Ujiji wanaijua kuliko sheria: unabisha mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Fundi aingie mwenyeji akiwepo, au shemeji, au mama mwingine wa jengo aje kukaa naye. Hilo halimo kwenye kifungu chochote, na bila hilo hakuna kifungu kitakachofungua mlango.

Kilichofungua wetu ni karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa na mzee wa duka la chini ambaye alikuwa amechoka na kelele zetu. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, anayetaka ainakili:

"Mimi mkazi wa ghorofa ya pili namruhusu fundi bomba kuingia jikoni na bafuni kwangu siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kutafuta maji yanapotokea. Mimi au mtu wangu tutakuwepo. Kufungua mlango si kukiri kosa wala kukubali kulipa. Hakuna kitakachovunjwa kabla sijaonyeshwa sababu. Kitakachovunjwa kitarudishwa kama kilivyokuwa ndani ya siku saba, kwa hela itakayowekwa kwa shahidi kabla ya kazi kuanza. Nani alipe mwishowe, tutazungumza chanzo kikishaonekana."

Saini yake, yangu, ya shahidi. Sentensi ya "si kukiri" ilimwondolea hofu ya kwanza. Ya siku saba na hela ya shahidi ikamwondolea ya pili. Saa na siku zikamwondolea ya tatu. Miezi minne ya ugomvi ilikuwa inasubiri maneno yasiyozidi themanini.

Kuhusu anayesafiri bila kuacha ufunguo, sina la kusema ila kukumbusha historia ya mji huu. Mwaka 1916 Wajerumani walipolazimika kuizamisha meli yao, hii tunayoiita MV Liemba, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza, ili atakayeiopoa aikute inatengenezeka. Iliibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Watu waliokuwa wanakimbia vita waliacha chombo katika hali ya kutengenezeka. Wewe unakwenda Bujumbura wiki tatu, acha ufunguo kwa dada yako.

Hela

Kanuni ninayoiona inakubalika na watu wengi, na inayokaribiana na jinsi sheria inavyogawa mizigo, ni hii: kitu kinachomhudumia mmoja ni cha mmoja, kinachohudumia wote ni cha wote, popote kilipo. Bomba linalolisha jiko lako tu ni lako hata likipita kwenye ukuta wa jirani. Bomba kubwa la kushusha maji machafu ya ghorofa zote ni la wote hata kama limepasuka ndani ya bafu la mtu mmoja. Kwenye jengo la mwenye nyumba mmoja, "wote" maana yake ni yeye.

Ubishi mkubwa huwa wa paa na karo. Mwenye duka la chini anasema, "Mimi paa linanihusu nini?" Sawa. Karo la choo likijaa chini, wa juu naye aseme halimhusu? Paa linazuia maji yasiingie kwenye kuta zinazobeba jengo zima. Kama mchango sawa unaonekana dhuluma kwa mwenye kibanda kimoja, gawaneni kwa ukubwa wa sehemu, si kwa umbali kutoka kwenye shimo.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha hesabu. La kwanza ni uzembe, kama ule wa koki iliyoachwa wazi, au mtu aliyehamisha bafu na kuunganisha bomba kwa mpira wa baiskeli. La pili ni taarifa. Kabla hujaambiwa kwamba kitu chako kinavuja, unaweza kusema hukujua. Ukishaambiwa kwa maandishi na ukakaa kimya, au ukazuia fundi, madhara yanayoongezeka kuanzia siku ile ni vigumu kumtwisha mwingine. Upande wa pili pia: ukiona maji yanadondokea godoro na ukaliacha hapo mwezi mzima ili dai linenepe, usitegemee kulipwa godoro zima.

Na usisahau gharama ya kurudisha. Kutengeneza bomba kunaweza kuwa hela ndogo. Kuziba ukuta, kupiga plasta, kigae na rangi ndiko kunakouma. Anayelipia bomba ndiye anayelipia na kidonda kilichofanywa ili kulifikia, maana kidonda ni sehemu ya tiba.

Mkishindwana kabisa

Wengi huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Si vibaya, mradi mjue kwamba huyo ni wa chama cha siasa, nguvu yake ni heshima yake tu. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa au mtendaji anafaa zaidi, hasa kwa kazi moja: awe shahidi wa ukaguzi, fundi akiingia na akitoka, picha zikipigwa. Maandishi yenye mhuri wa mtaa yanaheshimika huko mbele.

Hatua inayofuata imebadilika, na watu wengi bado wanaikosea. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi wenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, haliamui tena, linasuluhisha. Linakaa na wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke, na mawakili hawaruhusiwi kuwatetea watu humo, jambo ambalo kwa ugomvi wa bomba ni baraka. Lina siku 30. Mkielewana, imeisha. Mkishindwana, linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri lako. Siku 30 zikipita baraza likiwa halijasuluhisha, unaruhusiwa kwenda mbele.

Mbele huko, anayedai ndiye anayethibitisha. Sheria ya Ushahidi haijali umelia kiasi gani. Peleka picha zenye tarehe, ujumbe wa simu, nakala ya barua, risiti za fundi, majibu ya kipimo cha mita au cha rangi. Na kwa kuwa shauri linaweza kuchukua muda mrefu huku maji yakiendelea, mwambie mwenyekiti wa baraza tangu mwanzo kwamba maswali ni mawili: la kuingia na la kulipa. Omba amri ya muda ya kuruhusu fundi atengeneze sasa, hela ibaki kubishaniwa baadaye.

Sisi hatukufika huko. Fundi alipasua ukuta wa jiko la mama wa juu kimo cha mtu, akatoa bomba la kutu, akapitisha jipya la plastiki. Vigae kumi na viwili vilivunjika. Nikazunguka navyo mkononi, kipande kimoja kama sampuli, Mwanga hadi Gungu. Rangi ile haikuwepo tena dukani. Akachagua mwenyewe vya bluu. Nikilipeleka sahani la futari juu siku hizi, naona mstari wa bluu umesimama katikati ya ukuta mweupe, kuanzia sinki hadi dari, mahali hasa bomba langu linapopita.